Fundi Anajibu: Kelele za Tairi na Upepo Kwenye SUV ya Familia

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari ya mipira ya milango, na barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wengi wenu mnaendesha huku mmekunja uso. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nitangulize jambo moja nisije nikalirudia kila mahali: gari likishashika kasi na kutulia, kelele mnazozilalamikia karibu zote zinatoka kwenye tairi au kwenye upepo, wala si kwenye injini. Hao ni wagonjwa wawili tofauti. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake, utabaki na kelele yako na mfuko mtupu.

Shikamoo Fundi. Nimehama kutoka gari dogo la saluni na kununua SUV ya viti saba iliyotumika. Kwa mwendo wa mjini ni starehe tupu. Nikiingia barabara kuu na kufika 110, watoto wa siti ya nyuma kabisa wakisema kitu mama yao anabaki kuuliza "nini?" mpaka wanakata tamaa. Jamaa anayefunga redio za magari ameniambia tung'oe mazulia yote tubandike shiti za kuzuia kelele gari zima. Kabla sijatoa hela nimeona nikuulize. — Baba wa Siti ya Nyuma

Marahaba, baba. Mwambie huyo jamaa asubiri kwanza. Shiti anazozisema zinafanya kazi, sikatai, ila zina kazi yake maalumu: zinatuliza bati lisitetemeke. Haziwezi kuziba upenyo unaopitisha upepo, wala hazilifanyi tairi bovu kuwa zima.

Uelewe kwanza kwa nini saluni yako ya zamani ilikuwa na utulivu zaidi, hata kama ilikuwa gari la kawaida tu. Kwenye saluni, buti ni chumba cha peke yake. Mgongo wa siti na ile rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma vinawatenga abiria na matao ya magurudumu. SUV haina ukuta huo. Kuanzia dashibodi hadi mlango wa nyuma ni chumba kimoja kirefu, na watoto wako wameketi karibu juu ya tairi zenyewe, visogo vyao jirani na kioo. Hapo bado hujahesabu bodi lililokwenda juu, kioo cha mbele kilichosimama wima zaidi na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma vyenye ukubwa wa kutosha kuukata upepo vipande vipande mbele ya sikio la dereva.

Halafu kuna hesabu ya mwendo. Nguvu ya kelele ya upepo hupanda takriban kwa kipeo cha sita cha mwendo. Maana yake, ukitoka 80 ukafika 120, upepo peke yake unaongeza kama desibeli 10 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio la mwanadamu huichukulia nyongeza ya desibeli 10 kama kelele iliyokuwa maradufu. Kelele ya tairi nayo inapanda, ila taratibu zaidi. Kwa hiyo kwenye 60 au 80 tairi ndilo linalosikika, na ukishapita 100 hivi upepo unalifikia na kulipita. Gari lako halikuharibika ulipoingia barabara kuu, lilikuwa hivyohivyo tangu mwanzo.

Sasa tutafute mgonjwa ni nani. Wewe shika usukani, mama watoto awe msikilizaji, na ikiwezekana aketi siti ya nyuma kabisa. Tafuta barabara ambayo lami yake inabadilika njiani, kutoka ile yenye kokoto kubwa zilizochomoza kwenda ile laini. Shika mwendo mmoja. Mkivuka mpaka wa lami hizo mbili, kelele ikianguka ghafla, mgonjwa ni tairi. Isipobadilika, shuku upepo. Ishara nyingine ya upepo ni kelele inayopanda na kushuka mkipishana na lori, au upepo wa ubavuni ukipiga. Kisha ondoa mguu kwenye mafuta, mwache gari liserereke: sauti ikibaki vilevile, injini, gia na bomba la moshi hazihusiki.

Ikionekana ni upepo, kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kutembeza gari. Liegeshe mahali pakimya na uache injini ikinguruma kidogo tu, au kwa gari la umeme uliwashe. Washa feni ya hewa mpaka mwisho, uweke ivute hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, halafu funga vioo na milango yote. Hewa inayosukumwa ndani lazima itafute pa kutokea. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono. Ncha moja iweke sikioni, ncha ya pili uipitishe polepole kwenye ukingo wa kila mlango kwa nje, ukianzia ile kona ya juu nyuma ya kioo cha pembeni, maana ndipo uvujaji unapopenda kukaa. Mpira wa mlango ukiwa mzima husikii kitu. Ukifika penye upenyo unasikia "ffff" ghafla, na ukisogeza upana wa kidole kimoja inapotea. Weka alama kwa chaki, endelea. Nimeona milango iliyopimwa kwa macho na mafundi wa maana ikaitwa mizima, na mpira wa maji ukaikamata kwa dakika chache.

Penye alama, fungua mlango, weka kipande cha karatasi kwenye mpira, funga, uvute karatasi. Inapaswa ikuzuie kidogo. Ikitoka bila ubishi, mpira umelala, au mlango haukazwi vya kutosha na lile jino unalojifungia. Jino hilo linarekebishika, na mara nyingi kulisogeza ndani kidogo ndiyo tiba nzima. Mpira uliolala kabisa ubadilishwe. Usiuamini kwa sababu hauvujishi maji ya mvua: kwenye mwendo mkubwa, hewa inayopita ubavuni ina msukumo mdogo kuliko ya ndani, kwa hiyo fremu ya juu ya mlango huvutwa nje kwa kiasi ambacho hata milimita pengine hakifiki. Kwa mpira uliochoka, hicho kinatosha.

Kwa gari lililotumika kama lako, angalia na kitu ambacho wengi hawakijui. Nyuma ya bampa la nyuma, au kwenye mbavu za buti chini ya plastiki, kuna matundu ya kutolea hewa yenye vipande laini vya mpira vinavyofunguka upande mmoja tu. Gari likigongwa nyuma na kunyooshwa kwa haraka, vipande hivyo huchanika au havirudishwi kabisa. Matokeo yake ni dirisha dogo lililo wazi muda wote, karibu na tairi, karibu na watoto wako. Rudisha vipande vipya. Usizibe matundu yenyewe, maana milango itakuwa migumu kufungika na vioo vitashika ukungu.

Ukishamaliza hayo, na tairi zako zikiwa nzuri, hapo ndipo mwite jamaa wa redio. Na hata hapo, gari zima la nini? Anza na matao ya magurudumu ya nyuma na sakafu ya buti. Shiti ya kutuliza mtetemo haihitaji kufunika bati lote: ukifunika kama robo, katikati ya bati pale linapocheza zaidi, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Kinachofuata ni sponji au kitambaa kizito chini ya zulia kwa ajili ya kumeza sauti. Akikufungulia milango, asiguse nyaya za rangi ya manjano, hizo ni za mifuko ya hewa, na asizibe vitundu vya chini vya kutolea maji. Mlango uliozibwa vitundu huoza kutoka ndani, na kutu haina kelele ya kukuonya.

Fundi, kioo changu cha mbele kilipasuka kikabadilishwa. Tangu hapo nikifika 90 kinapiga mluzi mwembamba upande wa abiria. Nilikirudisha, wakapaka silikoni juu ya ukingo, mluzi ukahama kidogo tu. — Masikio Yanauma

Wamekukosea mara mbili. Kioo cha mbele kinashikwa na mstari mmoja wa gundi ya poliyurethani unaozunguka fremu yote. Mstari huo ukiwa na pengo, hata dogo, hewa inapita na kupiga mluzi. Silikoni juu ya ukingo haifiki kwenye pengo. Kibaya zaidi, mabaki yake yanaikataza gundi mpya kushika, kwa hiyo atakayerekebisha itabidi aanze kwa kusafisha uchafu wa mwenzake.

Kabla ya kuking'oa, hakikisha. Washa feni kama nilivyoeleza hapo juu, kisha paka maji ya sabuni kwa nje kuzunguka kioo. Mapovu yakitokea mahali pamoja, pengo ndilo hilo. Yasipotokea, chunguza mpira wa urembo unaozunguka kioo, na ile plastiki ndefu iliyo chini ya waipa. Klipu moja ikiwa haikuingia, plastiki inainuka kwa kasi na kuimba. Unaweza kuthibitisha kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi: ziba ukingo wote, tembea, kisha bandua kipande kimoja baada ya kingine mpaka mluzi urudi.

Ikiwa ni gundi, dai kazi irudiwe yote, na usione haya. Kioo hicho ni sehemu ya uimara wa bodi, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria unakiegemea unapofumuka. Pengo la gundi si suala la masikio peke yake.

Uliza jambo lingine pia: kioo cha zamani kilikuwa cha aina gani? Vioo vyote vya mbele vina matabaka mawili yenye plastiki katikati, lakini vingine vina plastiki maalumu laini inayozima sauti. Alama yake iko kwenye kona ya kioo, ama neno, ama mchoro wa sikio. Ukiwekewa cha kawaida badala ya hicho, mluzi hautakuwepo lakini gari zima litakuwa na mchakacho ambao zamani halikuwa nao.

Habari Fundi. Vioo vya milango vya gari langu ni vyembamba. Je, kuna faida kubadilisha viwe vya kuzuia sauti, au nibandike filamu nene ya giza? — Mama Mapacha

Nzuri, mama. Filamu achana nayo kwa habari ya kelele. Inazuia jua, sauti inaipita.

Vioo vyenyewe ni jambo la kweli. Kioo cha mlango cha kawaida ni tabaka moja lililopikwa kwa moto ili kiwe kigumu. Kila kioo kina masafa ambayo kinayapitisha kwa urahisi kuliko mengine, na kwa kioo cha milimita 4 masafa hayo yako jirani na Hz 3000, yaani mitetemo 3000 kwa sekunde. Bahati mbaya hapo ndipo sikio letu linaposikia kwa ukali zaidi, na ndipo zilipo sauti za s, f, t na k zinazotenganisha neno na neno. Upepo ukimwaga kelele hapo, unamsikia mtoto anaongea lakini hujui amesema nini. Kioo cha matabaka mawili chenye plastiki laini kinapunguza udhaifu huo.

Faida kubwa iko kwenye milango ya mbele, kwa sababu pepo za kuzunguka zinazotoka kwenye nguzo ya mbele na kioo cha pembeni zinapiga pale. Kama mtengenezaji wa gari lako alitoa toleo la juu lenye vioo hivyo na unene unalingana na njia za kioo kwenye mlango, inawezekana. Kama hakutoa, usilazimishe. Kioo kinene kuliko njia yake kinakula mpira na kuchosha mota ya kupandisha.

Nimefunga keria juu ya SUV yangu kwa ajili ya safari za familia. Ikiwa tupu inaunguruma kuliko ikiwa na mzigo! Nimeikaza kila nati. Mbona? — Dereva wa Likizo

Nati hazina kosa, na ukizidi kuzikaza utaharibu reli za paa.

Upepo ukipita kwenye kitu kirefu chenye umbo la mviringo au mraba, hauachani nacho kwa utulivu. Unajiviringisha nyuma yake, mara juu mara chini, kwa mpigo wa kawaida, na mpigo huo ndio sauti. Mwaka 1878 mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal aliandika kuhusu sauti za waya kwenye upepo, na hesabu tunayoitumia leo ina jina lake: zidisha mwendo wa hewa kwa 0.2, gawanya kwa unene wa kitu. Nondo ya keria yenye unene wa milimita 30, kwenye 110, inatoa karibu Hz 200. Hilo ndilo unguruma lako, na paa la SUV ni bati pana linalofurahia kulipokea. Antena ya milimita 6 kwenye mwendo huohuo inaimba karibu na Hz 1000. Tazama antena nyingi uone waya uliozungushwa kama parafujo: si urembo, unavunja mpigo usiwe mmoja kwa urefu wote.

Ukiweka mzigo, umeuvuruga mpigo huo, ndiyo maana gari linatulia. Basi uvuruge bila mzigo. Zungushia kamba nondo ya mbele kwa mtindo wa parafujo, ukiacha nafasi kati ya mizunguko, na uifunge imara ncha zote mbili. Angalia pia vifuniko vya ncha za nondo na ule mkanda wa mpira unaoziba mfereji wa juu. Kimoja kikikosekana unapata mluzi juu ya unguruma. Mikanda ya kufungia mizigo nayo isilale bapa hewani. Ipige msokoto mmoja au miwili kati ya nondo na mzigo, itanyamaza.

Lakini jibu langu la kweli ni kwamba keria isiyo na mzigo ikae nyumbani. Inaongeza kelele na inakula mafuta, bure. Ukiamua kununua nyingine, chukua yenye nondo za umbo la bawa.

Nikifungua kioo cha mlango wa nyuma mmoja, gari linapiga "vup-vup-vup" mpaka watoto wanashika masikio. Gari limepinda? — Msomaji Mpya

Halijapinda. Chumba kikubwa chenye tundu moja kina mpigo wake, na hewa inayopita mdomoni mwa tundu inauchochea. Ni jambo lililochunguzwa na Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Kwenye gari mpigo huo uko chini sana, karibu na Hz 20 au pungufu, kwa hiyo mwili unausikia kama msukumo zaidi ya kuusikia kama sauti. SUV mpya zinauonyesha zaidi kwa sababu zimezibwa vizuri. Fungua kioo kingine upana wa vidole viwili, ikiwezekana cha upande wa pili mbele. Unaisha palepale.

Fundi, nataka kubadilisha tairi na kipaumbele changu ni ukimya. Nimeona lebo za Ulaya zenye desibeli. Pia kijana wangu anataka rimu kubwa za inchi 19 badala ya 17. — Mzee wa Barabara Ndefu

Mzee wangu, nianze na kijana. Tairi la 235/65R17 na la 235/55R19 yana kimo karibu sawa, kwa hiyo gari litaonekana limekaa vizuri. Ila ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 153 hivi hadi 129. Sehemu hiyo iliyopotea ndiyo mpira na hewa vilivyokuwa vinameza kila kokoto kabla haijafika kwenye bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) na bodi. Rimu nazo huwa nzito zaidi. Kijana atafurahia macho, wewe utalipa kwa masikio. Ningebaki na 17.

Lebo ya Umoja wa Ulaya, kwa sura iliyoanza Mei 2021, ina herufi A, B au C na namba ya desibeli pembeni. Isome, lakini ujue inachosema: ni kelele inayosikika nje, gari likipita mbele ya maikrofoni kwa takriban kilomita 80 kwa saa, tairi likiwa jipya. Inamsaidia jirani wa barabara kuu. Tairi lenye namba ndogo mara nyingi lina adabu hata ndani, lakini si ahadi, kwa sababu sehemu ya mvumo unaoingia ndani inapita kwenye ekseli na bushi badala ya kupita hewani.

Kuna sauti moja ambayo hakuna lebo inayoitaja. Hewa iliyofungwa ndani ya tairi nayo ina mlio wake, kwa SUV kwenye Hz 200 hivi, juu au chini kidogo kulingana na ukubwa wa tairi. Unausikia ukivuka kiungo cha daraja: baada ya kishindo kunafuata "doong" fupi yenye mwangwi. Kampuni kama Continental, Michelin na Pirelli zina tairi zenye sponji iliyobandikwa ndani kwa ajili ya mlio huo tu. Zinafanya kazi kwa mlio huo, lakini mchakacho wa kokoto hazitauondoa. Na siku ya pancha, mwambie fundi abandue sponji mahali pa tundu kabla ya kuweka kiraka. Wengine wakiiona kwa mara ya kwanza wanashtuka na kuing'oa yote.

Kama hutoki nje ya lami, epuka tairi za tope zenye kashata kubwa, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Watengenezaji huzipanga kashata kwa ukubwa usiolingana ili mlio usiwe wa noti moja, na bado haziwezi kushindana na tairi la barabara.

Ila mzee, kabla hujanunua, weka kiganja chako kwenye tairi za zamani, hasa za nyuma. Telezesha mbele, kisha rudisha nyuma. Ukiona upande mmoja ni laini na upande mwingine kashata zinakukwaruza, tairi limelika kama msumeno. Hilo linavuma kuliko tairi lolote jipya, la bei yoyote, na chanzo chake ni alaimenti (mkao wa magurudumu) mbaya au kutokuhamisha tairi mbele na nyuma. Ukifunga tairi za kimya juu ya alaimenti ileile, baada ya muda utaniandikia tena. Na upepo wa tairi ujazwe kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake. Tairi lililojazwa mpaka hapo linagonga barabara badala ya kuikanyaga.

Nimepima kwa simu: SUV yangu ni desibeli 69 kwa 110, ya shemeji ni 67. Yeye anasema yake ina mfumo wa kufuta kelele. Anishinde kwa desibeli 2 kweli? — Sikubali

Tofauti ya desibeli 1 ni vigumu kuitambua, 3 utaitambua, kwa hiyo 2 ni ya kubishania mezani tu. Tena mlipima siku moja, njia moja, uelekeo mmoja? Ukienda 110 huku upepo wa 30 ukikukabili, hewa inaliona gari kama liko 140. Kwa kelele ya upepo hiyo ni nyongeza ya kama desibeli 6, na shemeji akipima kwenye utulivu amekushinda kwa hali ya hewa. Feni ya kiyoyozi pia izimwe. Simu inafaa kulinganisha gari lako na lenyewe, kabla na baada ya matengenezo, kuliko kulinganisha gari na gari. Na kumbuka kipimo cha kawaida, kinachoandikwa dB(A), hupunguza uzito wa sauti za chini. Unguruma linaloumiza kichwa kwenye siti ya tatu linaweza lisionekane kabisa kwenye namba.

Huo mfumo wa shemeji upo kweli. Genesis GV80 ya mwaka 2020, kutoka kundi la Hyundai, ilitoka na vihisi vinavyosoma mtetemo wa barabara ili spika zitoe wimbi la kinyume. Lakini unafuta sauti za chini tu. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3 na kitu, kwa hiyo kichwa chako kikisogea bado kiko kwenye eneo la utulivu. Wimbi la Hz 2000 ni sentimita 17. Ukigeuza shingo umeshatoka. Kwa hiyo mwulize shemeji kuhusu upepo wa kwenye kioo cha pembeni, halafu usikilize atakavyobadilisha mazungumzo.

Gari langu linavuma, mvumo unaongezeka na mwendo. Nilidhani tairi, nimebadilisha zote nne, mvumo upo palepale. Nikikata kona ya kushoto unazidi, ya kulia unapungua. — Nimechoka

Hapo huna tatizo la kelele, una beringi. Ukikata kushoto uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kulia, na beringi iliyochoka ikibebeshwa uzito inalia. Mara nyingi basi ni ya upande wa kulia, mbele au nyuma. Gari linyanyuliwe na kuwekwa stendi, gurudumu lizungushwe kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi: beringi mbovu utaisikia ikikwaruza kwenye vidole kabla hujaisikia kwa sikio. Ushike pia tairi juu na chini ulitikise uone kama linacheza. Usisafiri na familia kabla halijashughulikiwa, maana beringi ikiendelea kuachwa inachemka na gurudumu linaanza kuyumba. Tairi ulizonunua hazijapotea, ila ukishabadilisha beringi pima alaimenti siku hiyohiyo.